Mimea ya Majini: Kutoka Chombo cha Kioo hata Ghuba ya Winam

Ewe msomaji, huenda katika maabara ya shule yako mna chombo cha kioo kilichojazwa maji, na ndani yake samaki wawili watatu wakiogelea baina ya majani mabichi. Wageni wakiingia huwatazama samaki, majani hawayajali. Hata hivyo, bila majani hayo pengine chombo chenyewe kisingalibuniwa kamwe. Tena, mimea ya namna hiyohiyo ndiyo iliyopata kuzifunga bandari, kuwahamisha watu vijijini mwao, na kuwaketisha wavuvi wa Ziwa Victoria ufuoni na njaa, hali samaki wamo majini. Katika insha hii nataka tuifuate historia ya mimea hiyo tangu ilipotiwa nyuma ya kioo hata ilipotoroka, kisha tuone inamdai nini kijana anayeifuga.

Ufugaji wa samaki ni jambo la kale. Wachina walifuga samaki wa dhahabu kwa mamia ya miaka katika mabwawa na mitungi. Lakini mwenye mtungi hakuwa na budi kubadili maji kila mara, kwa maana yakikaa siku chache samaki hupanda juu wakitweta, kisha hufa. Watu waliona kwamba maji yameharibika. Hawakujua ni kitu gani kilichopungua ndani yake.

Mwanzo wa jibu haukupatikana majini. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1771, Mwingereza aitwaye Joseph Priestley alitia chipukizi la mnanaa katika chombo kilichofungwa, ambamo mshumaa ulikuwa umewaka hata ukazimika wenyewe. Baada ya siku 10 aliingiza mshumaa mwingine, nao ukawaka vizuri. Basi ikadhihirika kwamba mmea ule ulikuwa umeitengeneza upya hewa iliyoharibika. Lakini Priestley alipolirudia jaribio lake baadaye, mara nyingine lilifaulu na mara nyingine halikufaulu, wala hakuweza kueleza sababu.

Aliyeieleza ni daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz. Katika majira ya joto ya mwaka wa 1779, akiwa Uingereza, alifanya majaribio zaidi ya 500. Alizamisha majani mabichi katika maji safi na kuyaweka juani, akaona viputo vidogo vikitoka juu ya majani na kupanda kama shanga za fedha. Alipoyaweka gizani viputo vilikoma. Kwa njia hiyo alitambua mambo matatu: kwamba ni sehemu za kijani tu za mmea zitoazo hewa njema; kwamba hufanya hivyo kwa mwanga wa jua, si kwa joto lake; na kwamba usiku mimea, kama wanyama, huichafua hewa. Leo hewa ile njema twaiita oksijeni. Yaweke moyoni mambo hayo matatu, msomaji, maana tutayahitaji tena mwishoni.

Miaka 50 ikapita. Mnamo mwaka wa 1829 palikuwa na daktari mmoja mjini London, Nathaniel Ward, aliyependa sana makangaga, lakini moshi wa mji uliyaua yote aliyoyapanda. Siku moja alimtia mdudu katika chupa yenye udongo kidogo wenye unyevu, akaifunika, akingoja ageuke nondo. Baada ya muda aliona kangaga dogo na jani moja la nyasi vikichipuka ndani ya chupa. Maji yalipanda mvuke mchana, yakagandamana na kioo, kisha yakateremka tena udongoni. Kangaga lile liliishi humo karibu miaka minne. Ward akatengeneza masanduku ya kioo kwa mfano wa chupa ile, na mwaka wa 1833 akapeleka mimea kwa jahazi mpaka Sydney, Australia, nayo ikafika hai. Tangu hapo mimea mingi iliweza kusafirishwa baharini kwa miezi mingi. Kati ya miaka ya 1848 na 1851 miche ya chai ilitolewa China ikapelekwa Bara Hindi ndani ya masanduku kama hayo. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa: mmea ulioota upande mmoja wa dunia sasa waweza kuhamia upande mwingine.

Sasa twaja kwenye chombo chetu. Mwaka wa 1849 mtaalamu wa kemia aitwaye Robert Warington, naye pia wa London, alichukua chombo cha kioo cha galoni 12, akatia mchanga, mawe na maji, kisha samaki wawili wadogo wa dhahabu. Pamoja nao akapanda mmea wa majini uitwao valisneria, wenye majani marefu membamba kama utepe. Shauri lake lilikuwa hili: samaki wavute oksijeni itolewayo na mmea, nao mmea upate chakula katika pumzi na uchafu wa samaki, hata maji yasihitaji kubadilishwa. Mambo yalikwenda vizuri kwa muda mfupi, kisha yakaharibika. Majani yaliyozeeka yalioza, maji yakavurugika, na kioo kikafunikwa na utando wa kijani. Je, alikata tamaa? La. Alikumbuka kwamba katika mabwawa ya asili majani yanayooza huliwa. Akatia konokono wa majini watano au sita. Konokono wakayala yaliyooza, maji yakatakata, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwaka wa 1850 aliwasomea wanakemia wenziwe habari za jaribio lake, na ndipo watu wakafahamu kwamba katika chombo kidogo chumbani yaweza kuwapo mizani ya viumbe watatu, kila mmoja akimtegemea mwenziwe.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyolieneza jambo hili. Mwaka wa 1845 serikali ya Uingereza ilifuta kodi ya vioo, na bei yake ikashuka. Mwaka wa 1853 nyumba ya kwanza ya kuonyesha viumbe vya majini kwa watu wote ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu juu ya ufugaji huo, na kikawatia watu wengi hamu. Vyombo vya kioo vikaingia sebuleni. Mimea ikaanza kutafutwa, kuuzwa na kubadilishwa baina ya marafiki.

Hapa, msomaji, historia yetu yageuka. Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini si kila mgeni humponya mwenyeji.

Mgeni wa kwanza aliitwa elodea. Kwao ni Amerika ya Kaskazini. Katika miaka ya 1840 alionekana katika maji ya Scotland na ya Uingereza, na ilipofika mwaka wa 1852 mito ya pande za Cambridge na Ely ilikuwa imesongwa hata mashua zikashindwa kupita na wavuvi wakashindwa kutandaza nyavu. La ajabu ni kwamba mimea iliyoenea huko ilikuwa karibu yote ya kike, wala haikuzaa mbegu. Ilienea kwa kukatika tu. Kila kipande kilichovunjwa na kasia kilikuwa mmea mpya. Wale waliojaribu kuung'oa kwa haraka waliuzidisha.

Mgeni wa pili alikuwa na madhara makubwa zaidi, na habari zake zatufundisha thamani ya kulijua jina la kitu. Huyu ni salvinia, kangaga dogo lieleelo juu ya maji. Mwaka wa 1939 idara ya elimu ya mimea ya chuo kikuu mjini Colombo ililiingiza katika kisiwa cha Sri Lanka kwa ajili ya masomo. Likatoka, likaenea katika mifereji na mashamba ya mpunga. Katika Afrika lilionekana katika mto Zambezi, na lango la bwawa la Kariba lilipofungwa mwishoni mwa mwaka wa 1958, ziwa jipya likawa kama shamba lililolimwa tayari. Ilipofika mwaka wa 1962 salvinia ilifunika eneo la kilomita za mraba 1,000 hivi. Kwetu Kenya iliingia katika Ziwa Naivasha.

Chukua kalamu, tufanye hesabu. Katika maji yenye joto na rutuba, mmea huu waweza kujizidisha mara mbili kwa siku tatu hivi. Ukianza na mmea mmoja, baada ya siku 30 utakuwa na mimea 1,024. Ukingoja siku 30 nyingine, na kama hakuna cha kuuzuia, utakuwa na zaidi ya 1,000,000. Basi usishangae ziwa likifunikwa na kitu kilichoanza kama mkono mmoja wa majani.

Wataalamu wakatafuta adui wa mmea huu. Desturi yao katika kazi kama hiyo ni kwenda kwenye nchi ya asili ya mmea na kuwatafuta wadudu waulao huko. Lakini wakati ule salvinia hii ilidhaniwa kuwa aina iitwayo Salvinia auriculata. Kwa hiyo walikwenda mahali iotapo auriculata, wakachukua fukusi wa huko, wakawaachilia kwenye maji yaliyosongwa. Fukusi hawakuushinda mmea. Mwaka wa 1972 mtaalamu D. S. Mitchell, aliyeichunguza salvinia ya Kariba, alionyesha kwamba mmea huu ni aina nyingine kabisa, akaupa jina la Salvinia molesta. Sasa swali likawa: kwao ni wapi? Mwaka wa 1978 waliupata kusini-mashariki mwa Brazil, na juu yake fukusi mdogo mweusi. Mwaka wa 1980 fukusi hao waliachiliwa katika Ziwa Moondarra, Queensland, nchini Australia. Katika muda wa miezi 14 hivi walikuwa wameangamiza tani 18,000 za salvinia. Hata fukusi mwenyewe ilikuja kugunduliwa kwamba hakuwa yule wa kwanza, bali aina mpya, akapewa jina lake mwaka wa 1985.

Kwingineko watu walikuwa wakiteseka. Katika mto Sepik, nchini Papua New Guinea, mimea michache iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilienea hata kufunika kilomita za mraba 250 hivi. Watu wa huko husafiri, huvua, huenda sokoni na hospitalini kwa mitumbwi. Mitumbwi ilipozuiwa, baadhi yao walivihama vijiji vyao. Fukusi walipelekwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka michache mto ukafunguka. Katika miaka ya 1990 fukusi haohao walisaidia kuipunguza salvinia ya Naivasha. Tazama basi: kosa la kutaja jina lilichelewesha msaada kwa miaka mingi, na jina sahihi ndilo lililoonyesha njia.

Mgeni wa tatu unamjua. Ni gugu maji, lenye maua ya zambarau yapendezayo macho, ambalo asili yake ni bonde la mto Amazon. Uzuri wa ua hilo ndio uliowafanya watu walichukue kutoka bara hata bara na kulipanda katika madimbwi ya bustani. Mwaka wa 1988 lilionekana katika Ziwa Kyoga nchini Uganda. Muda mfupi baadaye lilikuwa katika Ziwa Victoria, na mto Kagera uliendelea kulileta kutoka nchi za juu. Mwaka wa 1998 lilifunika hekta 17,000 hivi za maji ya Kenya, hasa katika Ghuba ya Winam.

Huenda wazee wa nyumbani kwenu wakumbuka siku hizo. Mvuvi aliondoka alfajiri, na aliporudi aliikuta njia yake imezibwa na zulia la kijani lililoletwa na upepo. Meli zilishindwa kufika gatini. Mabomba ya kuvutia maji yaliziba. Chini ya zulia maji yalikosa mwanga na oksijeni, na penye kivuli hicho konokono waenezao kichocho walipata maskani. Watu walikata gugu kwa panga, wakalivuta kwa mikono na kwa mashine, na upepo ukaleta jingine.

Msaada ulitoka tena kwa wadudu wadogo. Fukusi wa aina mbili walao gugu maji waliachiliwa Uganda mwaka wa 1995 na Kenya mwaka wa 1997. Ilipofika mwaka wa 2000 sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imetoweka. Wataalamu wamejadiliana kama ushindi ule ulikuwa wa fukusi peke yao, au kama mvua kubwa, mawimbi na hali ya hewa ya El Niño ya miaka ya 1997 na 1998 vilisaidia. Lakini gugu halikukoma. Mbegu zake hukaa hai katika tope kwa miaka mingi, nayo maji ya ziwa yana rutuba nyingi itokayo mashambani na mijini. Baada ya mvua nyingi za mwaka wa 2006 liliinuka tena, na tangu hapo limekuwa likija na kwenda.

Sasa wauliza: haya yanihusu nini mimi mwenye chombo cha kioo na samaki watatu? Yanakuhusu kwa mambo matatu: kutambua, kutunza na kutupa.

Kwanza, utambue mmea kabla ya kuutia majini. Usiridhike na neno la muuzaji kwamba ni "jani la samaki". Utoe majini uushike. Mmea wa majini wa kweli kwa kawaida ni laini, hulegea mkononi kama uzi uliolowa, kwa kuwa maji ndiyo yaliyoubeba. Ukisimama wima kama kijiti, yaelekea ni mmea wa nchi kavu uliozamishwa, nao utaoza katika wiki chache. Kisha hesabu majani. Valisneria ina majani kama utepe yatokayo shinani pamoja, nayo hutambaza vikonyo vya kuzalia miche. Elodea ina majani mafupi, kwa kawaida matatu matatu, kuuzunguka mshipi wa shina. Mmea uitwao seratofilumu, unaoota wenyewe katika maziwa yetu, hauna mizizi kabisa, na majani yake yamegawanyika kama panda za manati. Salvinia ina majani mawili yaeleayo, yenye vinyweleo vilivyokutana nchani kama vitundu vidogo. Jani la tatu limezama na lafanana na mizizi. Gugu maji lina kikonyo cha jani kilichovimba kama kiazi na kujaa hewa. Haya mawili ya mwisho usiyafuge kabisa, hata ukipewa bure.

Pili, utunze kwa kukumbuka yale ya Ingenhousz na Warington. Mmea wataka mwanga, lakini chombo kisiwekwe penye jua kali la mchana kutwa, maana maji yatapata moto na utando wa kijani utakishinda kioo. Mwanga wa saa 8 hadi 10 kwa siku watosha. Changarawe ioshwe mpaka maji yake yatakate. Unapopanda valisneria, fukia mizizi tu. Shina likizikwa litaoza. Seratofilumu usiifukie, iache ielee. Ng'oa majani yaliyogeuka rangi kabla hayajaoza, na kila wiki badilisha robo ya maji, si yote. Usijaze samaki wengi ukitumaini mimea itawalisha hewa, kwa sababu usiku mimea nayo hutumia oksijeni. Ukiona alfajiri samaki wanatweta juu ya maji, ujue mizani imelemea upande mmoja.

Tatu, ujue namna ya kutupa. Mimea ikistawi itakuzidi, na lazima uipunguze. Usiimwage mtaroni, wala kisimani, wala mtoni, hata kipande cha urefu wa kidole. Ianike juani juu ya bati mpaka ikauke na kuvunjika mkononi, kisha uichanganye na mbolea ya shamba. Na yale maji unayobadilisha yamwage bustanini, penye udongo mkavu, mbali na mfereji.

Walioileta elodea, salvinia na gugu maji hawakuwa watu wabaya. Mmoja alikuwa mwalimu, mwingine mpenda maua. Kila mmoja alidhani kwamba majani machache hayana uzito. Basi leo jioni, darasa litakapotulia, kiendee kile chombo cha maabara, uinue tawi moja, uyahesabu majani yake, na uliandike jina lake kwenye karatasi ubandike kiooni. Usipolijua, muulize mwalimu wako wa elimu ya viumbe, na ninyi wawili mlitafute mpaka mlipate.